Karatasi Kabla ya Usukani: Barua ya Wazi kwa Wasimamizi wa Mafunzo ya Urubani Afrika Mashariki

Kwa: Wakala wa Usalama wa Usafiri wa Anga wa Jumuiya ya Afrika Mashariki (CASSOA), Entebbe, Mamlaka za Usafiri wa Anga za Kenya, Tanzania na Uganda, na Wakuu wa shule za urubani.

YAH: MITIHANI YA NADHARIA ITANGULIE MAFUNZO YA KURUKA



Kwenye dashibodi ya ndege nyingi za mafunzo kuna saa ndogo inayohesabu muda wa injini. Injini ikishawaka, nayo inahesabu. Haijali kama mwanafunzi yuko hewani, amepanga foleni nyuma ya ndege ya abiria aina ya Dash 8 akisubiri ruhusa ya mnara, au anaelezwa kwa mara ya tatu kazi ya kile kifundo chekundu cha kupunguzia mafuta. Cessna 152, ndege ya viti viwili iliyolea marubani wengi duniani, hunywa takriban lita 23 za petroli ya ndege kwa saa. Cessna 172 hupita lita 30. Mafuta hayo, bima, matengenezo na ujira wa mkufunzi vyote huingia kwenye ankara moja, na ankara hiyo huishia mikononi mwa mzazi ambaye pengine ameuza kipande cha shamba au amekopa kwenye Sacco ili mwanawe awe rubani.

Barua hii inahusu mpangilio wa masomo hayo. Ombi lake ni kwamba mwanafunzi afaulu kwanza karatasi za msingi za nadharia, ndipo shule iruhusiwe kumtoza ada ya kuruka. Na karatasi zote tisa za leseni ya rubani binafsi ziwe zimekwisha kabla hajatumwa safari ya mbali akiwa peke yake.

Kwa sasa sheria ya kimataifa haimlazimishi mtu kufuata utaratibu huo. Kiambatisho cha Kwanza cha Mkataba wa Chicago, ambacho ndicho msingi wa leseni za marubani katika nchi wanachama wa Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga (ICAO), kinataja umri, maarifa, uzoefu na ustadi. Rubani binafsi awe na umri wa miaka 17, awe ameruka saa 40, au 35 kama amesoma katika mpango ulioidhinishwa. Rubani wa biashara awe na miaka 18 na saa 200, au 150 katika mpango ulioidhinishwa. Maarifa yameorodheshwa: sheria za anga, ujuzi wa ndege na mitambo yake, utendaji wa ndege na upangaji wa safari, uwezo na udhaifu wa binadamu, hali ya hewa, usafiri kwa ramani na dira, taratibu za uendeshaji, kanuni za kuruka na mawasiliano ya redio. Kipi kitangulie kipi, Kiambatisho kimenyamaza. Kinachokatazwa waziwazi ni mwanafunzi kuruka peke yake bila usimamizi au idhini ya mkufunzi mwenye mamlaka.

Pengo hilo limejazwa na biashara. Kijana anapofika shuleni kuulizia ada, kinachomvuta ni ndege iliyoegeshwa nje, wala si ubao na chaki. Shule inajua hivyo, kwa hiyo wiki ya kwanza anapakiwa, anaonyeshwa Nairobi au ufuo wa Dar es Salaam kutoka juu, anarudi macho yakimetameta na daftari la saa likiwa na mstari wake wa kwanza. Nadharia inaachiwa jioni na siku za mapumziko. Baadaye, saa za kuruka zikiwa zimefika ishirini au thelathini, ndipo inagundulika kuwa karatasi hazijafanywa. Kuruka kunasimama ili mtihani ufanywe. Mtihani ukichelewa, mkono nao unasahau, na mwanafunzi akirudi analipia saa za kukumbushwa mambo aliyokwisha kuyalipia. Ni sawa na kukodi teksi yenye mita, kisha kuanza kuulizia mtaa unaokwenda gari likiwa limeshaondoka.

Hasara ya fedha ingetosha kuwa hoja, lakini iko nyingine iliyo nzito zaidi. Viwanja vya ukanda huu vina tabia ambazo macho hayazioni na mkono hauzihisi mpaka muda wa kujirekebisha uwe umepita.

Mfano wa karibu ni uwanja wa Wilson, Nairobi. Uwanja huo uko takriban futi 5,500 juu ya usawa wa bahari. Kwa kipimo cha hewa ya kawaida kinachotumiwa na vitabu vya ndege, mwinuko huo ungepaswa kuwa na joto la nyuzi 4 za Selsiasi. Mchana wa Nairobi unapofika nyuzi 25, hewa inatanuka na kuwa nyepesi, na kanuni ya darasani ya kuongeza futi 120 kwa kila nyuzi moja ya ziada inaleta jibu la karibu futi 8,000. Yaani ndege imesimama kando ya Barabara ya Lang'ata, magurudumu yakiwa chini, lakini mabawa na injini yake vinafanya kazi kana kwamba viko kwenye kilele cha vilima vya Ngong. Injini isiyo na turbo imekwisha kupoteza karibu robo ya nguvu zake kabla haijaondoka. Itakimbia umbali mrefu zaidi kabla ya kunyanyuka, na ikinyanyuka itapanda kwa uvivu.

Mwanafunzi aliyefanya hesabu hiyo kwa penseli hashangai. Anajua kwa nini mkufunzi amepunguza mafuta kwenye tangi, kwa nini kifundo chekundu kimevutwa kidogo ili injini isizidiwe na petroli, na kwa nini pua ya ndege haipaswi kuinuliwa kwa nguvu eti kwa sababu mwisho wa njia unakaribia. Yule ambaye hajaifanya hulitazama jambo lilelile akaona ndege mbovu. Akivuta usukani kwa hofu, mabawa yanaweza kupoteza nguvu ya kunyanyua, hali ambayo marubani huiita stoli, akiwa futi chache tu juu ya ardhi.

Pwani nako kuna mtego wake. Watu wengi hucheka wakiambiwa kuwa barafu inaweza kuziba injini ya ndege Dar es Salaam au Mombasa. Lakini petroli inapogeuka mvuke ndani ya kabureta, na hewa inapopita kwenye koo lake jembamba, joto la humo hushuka kwa nyuzi nyingi. Hewa ya nyuzi 28 iliyojaa unyevu wa bahari inaweza kuacha barafu humo ndani, hasa rubani akiwa amepunguza nguvu ya injini ili ateremke kutua. Dawa yake ni mpini mmoja unaoingiza hewa moto. Anayelijua somo hilo huuvuta mapema, bila kusubiri dalili. Asiyelijua husikia injini ikikohoa, na mawazo yote yanakimbilia kwenye mafuta.

Mambo hayo mawili yanafundishika darasani kwa jioni moja, kwa gharama ya ubao na taa. Kuyafundisha hewani, kelele ikiwa masikioni na mnara ukiita kwenye redio, kunachukua muda mrefu zaidi na yanakumbukwa kwa shida.

Somo linalodharauliwa kuliko yote ni lile la udhaifu wa binadamu. Wanafunzi huliona kama karatasi ya kujipatia alama za bure. Tarehe 5 Mei 2007, muda mfupi baada ya saa sita usiku, Boeing 737-800 ya Kenya Airways, safari namba 507, iliondoka Douala kuelekea Nairobi na kuanguka kwenye kinamasi cha mikoko chini ya dakika mbili baadaye. Watu wote 114 walifariki. Uchunguzi ulihitimisha kuwa ndege ilikuwa ikiinama polepole upande wa kulia, gizani, bila taa wala upeo wa macho nje, na marubani wakapotewa na mwelekeo hadi wakashindwa kuidhibiti.

Waliokuwa kwenye usukani usiku ule hawakuwa wanafunzi. Kwa sababu hiyohiyo tukio lile linastahili kufundishwa mwanzo kabisa. Sikio la ndani la binadamu haligundui mzunguko wa polepole. Mwili unaapa kuwa umekaa wima huku ndege ikiwa imelala ubavu. Maarifa ya kutouamini mwili wako hayaji yenyewe kwa kuruka. Kuruka mchana katika anga safi humfundisha mwanafunzi kinyume chake: kwamba macho na makalio yake yanasema kweli.

Jambo hili lilipimwa zamani. Mwaka 1954, Chuo Kikuu cha Illinois nchini Marekani kiliwachukua watu 20 wasio na uzoefu wa kuruka kwa kutegemea vyombo na kuwaweka katika hali ya kutoona nje. Wote ishirini walipoteza udhibiti. Wa haraka zaidi alishindwa baada ya sekunde 20, aliyechelewa sana alifika sekunde 480, na wastani ulikuwa sekunde 178, yaani hata dakika tatu hazikutimia. Walipofundishwa utaratibu rahisi wa kugeuka nyuzi 180 kwa kufuata vyombo na kutoka walikoingilia, wengi wao waliumudu. Mikono yao ilikuwa ileile. Waliongezewa utaratibu, na sababu za kuuheshimu.

Kisha kuna msongamano. Tarehe 5 Machi 2024, Dash 8 ya shirika la Safarilink iliyokuwa na abiria 39 na wahudumu watano, na Cessna 172 ya mafunzo, ziligongana angani karibu na Wilson, juu ya Hifadhi ya Taifa ya Nairobi. Dash 8 ilirudi salama. Watu wawili waliokuwa ndani ya Cessna, mwanafunzi na mkufunzi wake, walifariki. Si kazi ya barua hii kugawa lawama. Linalotajwa hapa ni mazingira ya kazi: Wilson inachanganya ndege za watalii, za misaada, za polisi, za abiria na za wanafunzi katika kipande kimoja cha anga, jirani na uwanja mkubwa wa Jomo Kenyatta. Mwanafunzi anayeingia humo akiwa bado anatafuta maneno ya kumjibu muongoza ndege anambebesha mkufunzi kazi mbili, na macho manne yaliyopaswa kutazama nje yanabaki mawili.

Redio peke yake ingetosha kuhalalisha darasa kabla ya injini. Tangu Machi 2008 ICAO inataka rubani wa safari za kimataifa afikie angalau Kiwango cha 4 cha lugha inayotumika kwenye redio, na katika safari hizo lugha hiyo kwa kawaida ni Kiingereza. Kijana aliyesoma Kiingereza cha vitabuni anahitaji wiki kadhaa za kusikiliza na kurudia kabla sikio halijazoea mwendo wa mnara. Wiki hizo zinaweza kupita darasani, mwalimu akicheza nafasi ya muongoza ndege, au zinaweza kupita hewani kwa bei ya petroli ya ndege.

Ni haki sasa kuusikiliza upande wa pili, kwa sababu una watu makini.

Wakufunzi wengi husema kuwa nadharia isiyoguswa na mkono ni maneno matupu. Mwanafunzi anaweza kuchora bawa, akaonyesha pembe ambayo upepo unaachana na mgongo wake, akapata alama zote, na bado akaganda siku ya kwanza ndege inapotetemeka na kudondosha pua. Wana hoja. Ushahidi mzito wa kuwaunga mkono ni Air France 447, Airbus A330 iliyoanguka Bahari ya Atlantiki tarehe 1 Juni 2009 ikiwa na watu 228. Vipima mwendo viliziba kwa barafu, usomaji ukavurugika, na ndege ikaingia katika stoli kamili na kubaki humo mpaka ikagonga maji, wakati amri za kuinua pua zikiendelea karibu njia nzima. Marubani wote walikuwa wamefaulu mitihani ya stoli miaka mingi nyuma. Baada ya ajali hiyo na nyinginezo, wasimamizi wa Ulaya waliongeza mafunzo ya vitendo ya kuzuia na kutoka katika hali kama hizo, na wakaweka ndani ya nadharia ya marubani wa mashirika tathmini inayopima namna mtu anavyotumia maarifa badala ya anavyoyakumbuka tu.

Mkono nao huokoa pale karatasi iliposhindwa. Tarehe 23 Julai 1983, Boeing 767 ya Air Canada, safari namba 143, iliishiwa mafuta ikiwa futi 41,000. Kanada ilikuwa katika harakati za kuhamia vipimo vya metriki. Safari ilihitaji kilo 22,300 za mafuta, na hesabu iliyofanywa kwa kigezo cha ratili iliiacha na chini ya nusu ya kiasi hicho. Kapteni Robert Pearson, aliyekuwa na uzoefu wa kurusha ndege zisizo na injini, aliiteremsha kimyakimya hadi kwenye uwanja wa zamani wa kijeshi wa Gimli, Manitoba. Watu wote 69 walitoka hai. Hesabu ya darasa la saba iliwapeleka kwenye hatari, na ustadi wa mikono ukawatoa.

Kwa hiyo kumfungia mwanafunzi darasani mwaka mzima, bila kugusa ndege, mpaka amalize kila karatasi ya kila leseni, kungekuwa kosa la upande wa pili. Barua hii haiombi hilo. Inaomba ngazi.

Nchi nyingine zimeweka ngazi zao, kila moja kwa namna yake. Kanada humpa mwanafunzi mtihani wa maswali 50, hasa wa sheria na taratibu za anga, na humtaka apate asilimia 90 kabla ya kupewa kibali cha kuruka peke yake. Marekani humlazimisha mkufunzi kumpa mwanafunzi mtihani wa maandishi kabla ya safari ya kwanza ya peke yake, kuhusu kanuni, anga la uwanja anaotumia na tabia za ndege ileile atakayoirusha. Baadaye kuna mtihani wa taifa wa maswali 60, alama ya kufaulu ikiwa 70, na matokeo hudumu miezi 24. Uingereza inataka karatasi zote tisa ziwe zimefaulu kabla ya mtihani wa vitendo, na kwa desturi shule nyingi huko hazimwachii mwanafunzi ndege peke yake kabla hajafaulu sheria za anga. Katika vyuo vya Ulaya vinavyomchukua kijana asiyejua kitu na kumfikisha kwenye ngazi ya mashirika, nadharia ina saa zisizopungua 750 na mitihani 13 yenye alama ya kufaulu ya asilimia 75, na vyuo vingi huanza na miezi ya darasa mfululizo kabla ya kuruka kushika kasi.

Afrika Mashariki ina faida moja: ilikwisha kufikiri kwa pamoja kuhusu jambo hili. Chuo cha urubani cha Soroti kilianzishwa mwaka 1971 na Jumuiya ya awali ili kiwalee marubani wa nchi tatu, kabla ya Jumuiya kuvunjika mwaka 1977 na chuo kubaki mikononi mwa Uganda. CASSOA, iliyoundwa mwaka 2007, ina jukumu la kusaidia nchi wanachama kuoanisha kanuni zao. Wilson ina shule zake, na Dar es Salaam Chuo cha Taifa cha Usafirishaji (NIT) kimeingia katika mafunzo ya marubani. Ngazi moja ya mitihani kwa wote ingemwezesha kijana wa Bukoba kufanya nadharia Dar es Salaam na kuruka Soroti bila kurudishwa mwanzo.

Lakini ngazi hiyo itakuwa na maana ikiwa tu mtihani wenyewe unaaminika, na hapa Pakistan imetoa funzo la bei kubwa. Mwezi Juni 2020, wiki chache baada ya ndege ya shirika la Pakistan, PIA, kuanguka Karachi na kuua watu 97 kati ya 99 waliokuwamo, waziri wa usafiri wa anga wa nchi hiyo aliliambia bunge kuwa marubani 262 kati ya 860 walishukiwa kutofanya mitihani yao wenyewe. Idadi hiyo ilipunguzwa baadaye ukaguzi ulipoendelea, lakini msumeno ulikuwa umekwisha kukata: Ulaya ilizuia PIA kuruka kwenda huko kuanzia Julai 2020, na zuio hilo liliondolewa Novemba 2024. Zaidi ya miaka minne ya safari zilizopotea ilianzia kwenye chumba cha mtihani.

Wizi wa mtihani una ndugu yake mpole, nao ni kukariri. Maswali yaleyale yakizunguka kwa miaka, yanapigwa picha, yanatumwa kwenye simu, na kijana anaingia akijua kuwa jibu la swali la kumi na nne ni C. Huyo akifaulu kabla ya kuruka hajapata faida yoyote iliyotajwa katika barua hii. Maswali yanapaswa kubadilishwa mara kwa mara na kufungwa kwenye mahali halisi: njia ya Wilson saa nane mchana, ndege ikiwa na watu wawili na tangi limejaa, ukungu wa asubuhi unaoshuka kutoka Limuru, mabadiliko ya mgandamizo wa hewa ya hektopaskali 10 na makosa ya karibu futi 300 yanayoweza kutokea kwenye altimita, yaani kipima mwinuko, isiyorekebishwa. Swali la namna hiyo halijibiki kwa herufi iliyokaririwa.

Baada ya hayo, barua hii inaleta maombi matano.

La kwanza: karatasi nne ziwe lango. Sheria za anga, mawasiliano ya redio, udhaifu wa binadamu na utendaji wa ndege zifaulu kabla ya somo la kwanza la kuruka linalolipiwa kuelekea leseni. Safari moja ya kuonja iruhusiwe kabla ya hapo, kwa sababu kijana ana haki ya kujua kama tumbo lake linaivumilia kazi hii kabla hajafungua vitabu. Cheti cha afya nacho kitangulie. Ni jambo la kusikitisha mtu kulipia saa kumi kisha kugundua kuwa macho yake hayakidhi masharti.

La pili: karatasi tano zilizobaki ziishe kabla ya safari ya kwanza ya mbali ya peke yake. Kati ya lango la kwanza na hilo la pili, darasa na ndege viende bega kwa bega. Stoli isomwe Jumatatu na ifanywe Jumatano. Hilo ndilo jibu kwa wakufunzi wanaoogopa nadharia iliyokauka.

La tatu: fedha zilindwe. Shule isiruhusiwe kudai ada ya kuruka ya mafunzo mazima wakati mwanafunzi bado yuko kwenye karatasi za lango. Anayeshindwa nadharia mara mbili au tatu na kuamua kuacha awe amepoteza ada ya darasa peke yake, na shamba la nyumbani likabaki na mwenyewe. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Basi kila mwanafunzi apewe taarifa ya mwezi inayoonyesha saa alizoruka, alicholipa, salio lake na karatasi alizofaulu, na mlipa ada apate nakala.

La nne: saa ya uhalali wa matokeo ianze mahali pa haki. Ulaya humpa mtahiniwa miezi 18 kumaliza karatasi zake, na matokeo ya leseni ya rubani binafsi hudumu miezi 24. Ukanda huu ukitanguliza nadharia bila kugusa muda wa uhalali, watakaoumia ni wasio na fedha, ambao hufaulu, kisha husubiri mwaka mzima wakitafuta ada ya kuruka. Matokeo ya karatasi za lango yahesabiwe kuanzia siku ya somo la kwanza la ndege, au yapewe miezi 36, na anayechelewa afanyiwe mtihani mfupi wa kumkumbusha badala ya kurudia zote.

La tano: mitihani iwe karibu na iwe ya mara kwa mara. Lango lisilofunguliwa kila mwezi linageuka ukuta. Kama mtahiniwa wa Mwanza, Kisumu au Gulu analazimika kupanda basi usiku kucha ili akaketi mbele ya kompyuta kwa saa mbili, shule zitakuwa na kila sababu ya kuomba msamaha wa kanuni, na msamaha utatolewa.

Wakuu wa shule watauliza mapato yao ya miezi ya mwanzo yatatoka wapi. Swali hilo ni la kweli, kwa maana ndege iliyoegeshwa inadaiwa bima na matengenezo hata isiporuka. Jibu liko kwenye hesabu yao wenyewe. Darasa la wanafunzi ishirini linalipa ada ya nadharia bila kutumia lita moja ya petroli, na kama kumi na wawili kati yao wakivuka lango, hao wanaruka mfululizo bila kusimama kungoja mtihani. Ndege inayoruka kila siku na wanafunzi walioandaliwa humlipa mwenye shule vizuri kuliko ile inayoruka wiki mbili na kulala mwezi. Mkufunzi naye, ambaye mara nyingi ni kijana anayekusanya saa zake kuelekea zile 1,500 za leseni ya juu, anaacha kuwa mwalimu wa alfabeti hewani.

Maombi mengi kati ya hayo yatahitaji kanuni kurekebishwa, na kanuni za nchi kadhaa hazirekebishwi kwa mwezi mmoja. Lakini kuna hatua mbili zisizohitaji kusubiri. Mamlaka ya kila nchi inaweza kuanza kuchapisha kila robo mwaka, kwa kila shule iliyoidhinishwa, idadi ya watahiniwa, waliofaulu kila karatasi kwa mara ya kwanza, na wastani wa saa walizoruka hadi kupata leseni. Inaweza pia kuzitaka shule ziandike kwenye mkataba wa kujiunga, kwa Kiswahili na Kiingereza, mpangilio wa masomo, mitihani inayotangulia kuruka na masharti ya kurudishiwa fedha. Barua hii inaomba jibu la maandishi kuhusu hatua hizo mbili, litakalotangazwa mahali ambapo wazazi na wanafunzi wataliona kabla ya kundi lijalo kusajiliwa.